Jiwe la Pembeni Kushoto

Inspekta Sittou hakuitia sahihi ile karatasi. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, hakukuta kitu, akairudisha mezani na kuilaza kalamu juu yake.

"Kalamu haina wino?" akauliza Kamishna Tombo.

"Inao."

"Basi tatizo nini?"

"Sijamhoji huyo binti."

Kamishna akacheka kwa pua. Alikuwa mtu mnene, mpole akishiba, na saa ile alikuwa hajala. "Nani kakutuma kumhoji? Wenzetu wa Nosy Be walishamhoji. Sisi huku Mahajanga tuliambiwa tumkamate, tukamkamata kwa shangazi yake. Wewe unatia sahihi, kesho anapanda gari na askari, anarudishwa huko alikochoma. Hadithi imekwisha."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Jumatano iliyopita, ufukweni Ambondrona, kisiwani Nosy Be, banda la mashua la Hoteli ya Langilangi liliteketea mchana kweupe. Mwenye hoteli, Bwana Soudjay, alikuwa na ugomvi mrefu na wavuvi wa pale. Yeye aliutaka ufukwe wote, wao walikataa kuhama. Moto haujazimwa, tayari anasema wavuvi wamemtuma mtu. Na mtu huyo akapatikana papo hapo: Hayrat, binti wa Mahajanga, mpiga picha wa harusi, aliyekuwa ameisimamisha kamera yake mchangani kwenye miguu mitatu. Polisi wakamnyang'anya kamera, wakamwambia asiondoke kisiwani. Akaondoka.

"Mtu asiye na kosa hakimbii," akasema Tombo.

"Mtu asiye na kosa hakamatwi, pia. Lakini tunawakamata kila siku."

"Sittou."

"Naam, Kamishna."

"Mlinzi amemwona kwa macho yake akizunguka nyuma ya banda. Yuko nje hapo barazani, amesafiri na askari kuja kumtambua. Na picha ya binti mwenyewe inamshtaki. Tazama."

Akamsukumia picha iliyochapwa ofisini kwa mashine, nyeusi na nyeupe, wino umezidi. Bahari ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Kushoto, mawe meusi. Kulia, banda lenye mlango wazi. Juu ya paa kulikuwa na doa la kijivu, kama mtu kapitisha kidole chenye majivu. Ule ulikuwa moshi. Na kwa nyuma mtu wa Nosy Be alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HAKUNA MTU MWINGINE UFUKWENI.

"Hii si picha ya kubonyeza na kuondoka," Tombo akaeleza, kama mtu aliyeelezwa naye asubuhi ile. "Kamera ilifumbua jicho karibu dakika nne nzima. Ilipofumbua moshi hakuna, ilipofumba moshi upo. Kwa hiyo kiberiti kimewashwa humo ndani ya picha. Na humo ndani hakuna mtu. Asiyeonekana ni nani? Mpiga picha."

"Mpiga picha alikuwa nyuma ya kamera."

"Ndipo hapo." Tombo akainua mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kamera na kidude cheusi kidogo kuliko kiberiti. "Rimoti. Haina waya. Hahitaji kuwa nyuma ya kamera. Anabonyeza, kamera inabaki inafanya kazi yake, yeye anakwenda kuchoma, anarudi, anabonyeza tena. Halafu anatwambia alikuwa anapiga picha."

Sittou akauchukua mfuko. "Nipe mpaka magharibi."

"Nikupe mpaka magharibi! Bwana Soudjay amenipigia simu mara tatu tangu asubuhi. Ukiendelea kugoma, wiki ijayo uko Belobaka kwenye kizuizi, unakagua malori ya vitunguu."

"Belobaka kuna upepo mzuri," akasema Sittou, akatoka na mfuko wake.

Barazani mlinzi Houssen alikuwa amesimama karibu na benchi, ingawa benchi lilikuwa tupu. Mzee mwembamba, kofia safi, mgongo umenyooka kama rula.

"Kaa, zama," akamwambia Sittou, kama watu wa pale wanavyomwita mjomba yeyote wa kuheshimiwa.

"Nimezoea kusimama, bweni," akajibu mzee, kwa neno la kumheshimu mwanamke.

Sittou akampita. Kwenye lango la kituo alimwona mwanamke wa makamo aliyejifunga leso, kakaa na chombo cha chakula mapajani. Bibi Roukia, shangazi wa binti. Tangu jana hakubanduka, na chakula hakikupokelewa.

Hayrat alikuwa veranda ya nyuma, kwenye gogo, chini ya ulinzi wa askari aliyekuwa anasinzia. Sittou akamsalimu kwa Kisakalava, kama wanavyosalimiana watu wote mjini. Binti akaitika kwa kichwa tu. Sittou akamsalimu tena, safari hii kwa Kikomori cha nyumbani, kile cha mabibi, ambacho wote wawili walikijua nusu nusu. Hayrat akainua macho.

"Hata ukinisalimia kwa Kiarabu, bweni, jibu ni lile lile. Nilikuwa napiga picha."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Pale pale."

"Pale wapi?"

Hayrat akaivuta leso ikafunika magoti.

"Kwa nini ulikimbia Nosy Be?"

"Sikukimbia, nimerudi kwetu. Harusi yangu ni Jumapili hii inayokuja. Natakiwa niwe ndani, nisitoke, nisionwe, nipakwe msindzano usoni asubuhi na jioni mpaka ngozi iwe ya mtoto. Shangazi alijua nimewekwa ndani kwa binamu yangu Hell-Ville, huko huko kisiwani. Siku za huko zilipokwisha ilibidi nirudi nikamalizie kwetu. Ningewaambia nini polisi? Samahani, natoroka nikafungiwe?"

"Unaitaka hiyo harusi?"

"Na hilo limo kwenye faili?"

Sittou akakubali kwamba halimo. Akaitoa kamera kwenye mfuko, akaiweka juu ya ukuta mfupi wa veranda, jicho lake likitazama uani. "Hii rimoti inafanyaje kazi?"

"Si mmeninyang'anya nyinyi? Basi jifunzeni wenyewe."

Askari aliyekuwa anasinzia akafumbua jicho moja, akalifumba. Sittou hakukasirika. Akaiwasha kamera, akasimama nyuma yake, mahali anaposimama mpiga picha yeyote, akabonyeza rimoti. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, akaisogeza karibu, akabonyeza kwa nguvu.

"Betri imekufa," akasema.

Hayrat akatazama pembeni, lakini mdomo ulimponyoka kidogo. Alikuwa anacheka.

Mtu akicheka ujue umekosea mahali anapopajua. Sittou akaiweka rimoti chini, akaichunguza kamera kama anavyochunguza mfuko wa mtu: nyuma, juu, ubavuni, mbele. Mbele, pale vidole vinaposhika, palikuwa na kioo kidogo cha wekundu uliokolea, mviringo, hakifiki punje ya mahindi. Akakumbuka televisheni ya nyumbani. Ukitaka kubadilisha stesheni hukai nyuma ya televisheni, unakaa mbele yake.

Akazunguka uani, akaielekeza rimoti kwenye kile kioo. Klik. Akasubiri kidogo, akabonyeza tena. Klik. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akabonyeza, ikaitika. Akaenda mpaka kwenye bomba la maji, akabonyeza. Kimya. Akarudi nyuma ya kamera. Kimya vile vile.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "aliyebonyeza hii rimoti Ambondrona alikuwa mbele ya kamera. Na karibu. Akifungua alikuwa mbele, akifunga alikuwa mbele."

Kicheko cha Hayrat kikaisha.

Sittou akaitafuta picha ya Jumatano ndani ya kamera yenyewe. Huku haikuwa na wino wa ofisi. Ilikuwa na rangi, na ilikuwa pana zaidi. Ile ya karatasi mashine ilikuwa imeila pembeni kwa pembeni. Akaikuza. Akaanzia kulia, kwenye banda, akaja katikati, akaja kushoto kwenye mawe. Jiwe la mwisho, pembeni kabisa, lile ambalo kwenye karatasi lilikuwa bonge jeusi lililokatwa nusu, lilikuwa na vidole. Vidole vyenye hina. Juu ya vidole kulikuwa na goti limefunikwa leso ya rangi ya usiku, na juu ya goti uso wa manjano ya msindzano umegeukia bahari. Kichwa wazi. Nywele zimeachwa zote, zimelala mgongoni.

"Usiikuze zaidi," akasema Hayrat.

"Ni wewe."

"Nimesema usiikuze."

Sittou akaacha kukuza, ila hakuondoa macho. Bahari nyuma ya yule binti ilikuwa maziwa matupu, kwa sababu mawimbi hayatulii. Lakini binti alionekana mpaka mstari wa hina. Hakuna wimbi lililopenya begani kwake. Angeinuka akaenda mahali akarudi, asingekuwa mzima namna ile.

"Ulikaa bila kutikisika tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Ndiyo kazi yenyewe. Ukitikisika unafutika."

"Na hukuwaambia."

"Niwaambie nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Kwamba wiki ile ambayo hata jua halitakiwi kuniona, mimi nimekaa ufukweni nywele wazi, najipiga picha? Hiyo picha ikifika kortini itapita kwenye mikono ya kila mwanamume mwenye koti. Na shangazi yangu kakaa mbele. Jela ina siku zake, bweni. Maneno ya watu hayana."

"Unaona haya?"

"Sioni haya hata kidogo. Ndiyo picha yangu nzuri kuliko zote. Ila ni yangu. Sikuipiga ili polisi waikague."

Sittou akaizima kamera. "Sitaitoa bila wewe kukubali. Lakini humu kuna kitu kingine ambacho si chako."

"Kipi?"

"Mlango wa banda. Nataka kuazima kamera yako mchana huu niende nayo Bord, kando ya bahari, pale wanapotembea watu."

Hayrat akainama, akatoa kwenye pindo la leso kioo cheusi cha mviringo, cheusi kama chini ya sufuria. Polisi wa Nosy Be hawakukiona kwa sababu hawakujua kama kipo.

"Bila hiki, kwa jua hili, picha itaungua iwe nyeupe tupu," akasema. "Kifunge mbele ya lenzi. Gurudumu la juu liweke kwenye herufi B, jicho libaki wazi mpaka ubonyeze tena. Na kamera iwe na miguu, usiishike mkononi. Mkono wa polisi unatetemeka."

*

Kamishna Tombo alikubali kwenda Bord kwa sababu aliahidiwa mishikaki. Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na njia ya kando ya bahari ilikuwa imejaa: wasichana wa shule, wanaume wa baiskeli, kina mama wenye mabeseni ya ndizi za kukaanga. Wauza mishikaki walikuwa wanapepea makaa. Sittou akaisimamisha kamera ikielekea kibanda kimoja cha soda kilichofungwa.

Houssen alikuja naye, kofia ile ile, mgongo ule ule.

"Zama," akasema Sittou, "mimi si mtu wa Ambondrona, nisaidie nielewe. Siku ile ulikuwa wapi hasa?"

"Mlangoni mwa banda. Nimeshasema."

"Umekaa?"

"Silali wala sikai kazini. Nimesimama, mgongo kwenye mwimo wa mlango."

"Hukwenda kunywa maji? Kujinyoosha?"

Mzee alikasirika kidogo, na hasira ile ilikuwa ya kweli. "Miaka kumi na moja nasimama pale. Inzi akinitua puani simfukuzi. Uliza mtu yeyote."

"Naamini. Basi nionyeshe. Hicho kibanda ndicho banda, huo ndio mlango. Simama kama ulivyosimama Jumatano."

Houssen akaenda, akaegemeza mgongo kwenye mlango wa kibanda, akatulia. Kweli alijua kusimama. Tombo akanong'ona: "Huu ni mchezo gani?"

"Kamishna, wewe tembea. Mishikaki iko kule, nenda ukachague."

Sittou akazunguka mbele ya kamera, kando kidogo, akanyoosha mkono na kubonyeza. Klik. Akasubiri. Watu wakapita, wakarudi. Mtoto akakimbiza tairi mbele ya Houssen. Tombo akaenda kwa muuzaji wa kwanza, akasimama akibonyeza nyama kwa kidole, hakuridhika, akaenda kwa wa pili. Msichana mmoja alisimama kuuliza kama wanapiga filamu, akaambiwa apite. Sittou akabonyeza tena. Klik.

Wote watatu wakainamisha vichwa juu ya kioo cha kamera, Tombo akitafuna.

Bord ilikuwa tupu. Hakuna wasichana wa shule, hakuna baiskeli, hakuna mtoto wa tairi. Njia nzima imefagiwa kama siku ya kiyama. Kibanda kilikuwepo. Na mbele ya kibanda, mzima, mkavu, kifungo kwa kifungo, alikuwepo Houssen.

"Mimi niko wapi?" akauliza Tombo.

Sittou akaikuza sehemu ya makaa. Palikuwa na kivuli kipana, chepesi kama mvuke, na ukuta wa bahari ulionekana kupitia tumboni mwake.

"Hapo. Ulisimama kidogo kuchagua nyama. Kwingine ulitembea, kwa hiyo hupo."

Tombo akajitazama. "Mke wangu akiiona hii atafurahi. Anasema nimenenepa." Halafu taya likaacha kutafuna, maana hakuwa mjinga, alikuwa na njaa tu. "Ngoja. Hawa watu wote walipita mbele ya kamera?"

"Wote. Anayetembea hafiki kwenye picha hii. Anayesimama ndiye anayebaki. Mtu wa Nosy Be kaandika ufukwe ulikuwa hauna mtu. Ulikuwa hauna mtu aliyetulia, basi. Hata kijiji kizima kingeweza kupita pale na makuti ya kuwashia moto."

Sittou akaifungua picha ya Jumatano, akauweka upande wa kulia tu, mlango wa banda peke yake. Upande wa kushoto ulibaki nje ya kioo. Akamsogezea mzee.

"Zama, unasimama vizuri. Sijaona mtu anayesimama kama wewe. Sasa huu ndio mlango wako, na huu ndio mwimo wako. Nionyeshe ulipo."

Mzee akatazama. Mwimo ulionekana, hata misumari yake. Mlango ulikuwa wazi na ndani mna giza.

"Labda nilijitikisa," akasema.

"Umetwambia hata inzi humfukuzi."

"Labda."

"Kamishna," akasema Sittou bila kumgeukia, "chagua moja. Kama mtu anaweza kutoonekana humu, basi picha haimshtaki binti, maana yeyote angeweza kuchoma. Na kama aliyesimama lazima aonekane, basi shahidi wako hakuwepo. Yote mawili hayaingii kwenye faili moja."

Tombo akaupitisha ulimi kwenye meno. "Houssen. Ulikuwepo au hukuwepo?"

Mzee akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Watu walikuwa wanapita, kelele za Bord ziko pale pale, lakini walimsikia vizuri.

"Nilikuwa nasali," akasema.

"Unasali wapi?"

"Msikitini. Alasiri. Nyuma ya imamu, safu ya kwanza. Watu wote wameniona."

"Si dhambi hiyo," akasema Tombo. "Kwa nini ufiche?"

"Kwa sababu kwetu hotelini ni dhambi. Miaka kumi na moja, bwana, mimi sijasali na jamaa msikitini hata alasiri moja. Nilimwomba Bwana Soudjay nikachoka kuomba. Kila mara ananijibu: salia hapo mlangoni, Mungu anasikia mpaka hapo. Nikasali mlangoni, nimesimama zaidi ya ninavyosujudu, jicho moja kwenye mashua. Jumatano akaja mwenyewe mpaka bandani. Alikuwa na furaha. Akaniambia, Houssen, leo nenda kasali msikitini. Nenda, usiharakishe."

Sittou akaizima kamera.

"Nilikimbia," mzee akaendelea. "Mtu wa umri wangu, nilikimbia kama mtoto. Hata sikujiuliza kwa nini leo. Narudi, moshi. Na yeye yuko kwenye kichochoro ananingoja. Akasema, ukisema hukuwepo, basi wewe ndiye uliyeacha lindo, na moto ni wako. Sema ulikuwepo. Sema ulimwona yule msichana wa kamera." Akaivaa tena kofia yake, ikakaa upande. "Nilisali nyuma ya imamu, bweni, nikatoka nikasema uongo, na udhu wangu bado haujatenguka."

Simu ya Tombo ikalia. Akaitazama, akawaonyesha jina: Soudjay. Sittou akafikiri ataizima. Hakuizima. Aliuweka mshikaki kwenye karatasi, akafuta mafuta, akapokea kwa sauti ya ofisini.

"Naam, Bwana Soudjay... Hapana, karatasi bado... Bado haijatiwa sahihi." Akamtazama Sittou. "Kalamu haina wino... Ndiyo, kituo kizima... Nakuja nayo mwenyewe Nosy Be, tena nakuja na inspekta wangu. Wewe usisafiri popote, nitakukuta hapo hapo hotelini."

Akakata, akachukua mshikaki wake.

"Huyu mtu ameniamsha usingizini mara mbili wiki hii," akasema, kana kwamba ndiyo sababu.

Adhana ya magharibi ilikuwa bado kidogo. Houssen alikuwa amesimama pale pale, hajui kama amekamatwa au ameachwa.

"Utayarudia haya mbele ya hakimu?" Sittou akamuuliza.

"Nitayarudia. Lakini nataka kwanza nikasali."

"Nenda, zama. Kwa hilo usiombe ruhusa tena kwa mtu."

*

Kituoni, Sittou hakwenda ofisini. Alikwenda veranda ya nyuma, akampa Hayrat kamera, akamweleza yote, bila kupunguza.

"Kwa hiyo niende nyumbani?" akauliza Hayrat.

"Leo utalala kwenu. Lakini sikiliza vizuri, sitaki nikudanganye. Neno la Houssen linamwondoa shahidi, kosa bado halijaondoka. Wakili wa Soudjay atasimama aseme, vizuri, mlinzi alikuwa msikitini, basi ndipo msichana alipopata nafasi ya kuchoma. Kinachosema hukuinuka ni kile kipande cha kushoto. Hakuna kingine. Na wavuvi nao, ukifungwa wewe, wanahamishwa wao."

"Nikikataa?"

"Ukikataa nitagoma kutia sahihi mpaka wanipeleke Belobaka. Nitagoma nikiwa hukohuko. Lakini nitakuwa nagoma na mikono mitupu."

Hayrat akainuka. Akapita katikati ya kituo, askari wakampisha, mpaka langoni alikokaa Bibi Roukia na chombo chake cha chakula. Sittou alimfuata kwa mbali. Hayrat akachuchumaa mbele ya shangazi yake, akaiwasha kamera, akaitafuta picha, na mwenyewe, kwa kidole chake, akaikuza. Akaikuza kuliko Sittou alivyoikuza.

"Tazama, shangazi."

Bibi Roukia akatazama. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, kama mtu anayetafuta miwani aliyoisahau.

"Nani kakupiga?"

"Nimejipiga."

"Hapo si Hell-Ville, kwa binamu yako."

"Ambondrona."

"Na nywele zako zote hizo."

"Zote."

"Na jua lote hilo."

"Ndiyo."

Shangazi akapumua kwa nguvu. "Na upande wa bwana harusi wakiiona?"

"Waione. Wakiona nywele zangu ni kubwa kuliko jela, basi wamenipunguzia safari."

Askari wa langoni akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Bibi Roukia akaitazama picha tena, kwa muda mrefu, bahari, mawe, ule uso wa manjano uliotulia. Halafu akafungua chombo cha chakula, akamega mkate, akamtia Hayrat mkononi kwa nguvu.

"Angalau msindzano ulipaka," akasema. "Kula."

Hayrat akala, amechuchumaa vile vile, kamera gotini. Alipomaliza akajifuta vidole kwenye leso, akamwendea Sittou, akampa kamera, na rimoti, na kile kioo cheusi.

"Ipeleke," akasema. "Lakini mwambie hakimu wasiikate pembeni."